Barua ya wazi kutoka kwa sauti iliyosema "binamu"

Kwa wakubwa wa bodi ya filamu, kwa wakubwa wa stesheni za TV hapa Nairobi, na kwa nyinyi mnaokaa kwa meza ya skripti,

Salamu kwanza. Jina langu halitawasaidia na chochote juu hamnijui, lakini sauti yangu mnaijua. Kama mwaka jana mliangalia ile tamthilia ya polisi na wezi wa magari, ile ya saa 2 na nusu usiku, mtakumbuka Inspekta akibisha mlango wa nyuma wa duka la spea kule Grogan, mvua inanyesha, anafunguliwa, anasema "binamu wangu, nimechoka". Hiyo "nimechoka" ni yake. Hiyo "binamu wangu" ni mimi, imebandikwa juu ya neno alilosema yeye.

Nililipwa 4,500 kwa M-Pesa. Neno lenyewe linatokea mara 11 kwa episodi 13, nikapiga hesabu kwa matatu nikirudi nyumbani nikapata ni kama shilingi 409 kila binamu. Msanii mwenyewe aliitwa arudi studio abadilishe akakataa, akasema ile sini aliigiza akiwa na akili zake timamu na hawezi kula matapishi yake. Mimi sikukataa. Nasema hivi mapema ndo msidhani naandika nikiwa msafi.

Stesheni sitaitaja, kipindi pia sitakitaja jina, kuna karatasi nilitia sahihi na sina pesa ya wakili. Wenye wanajua wanajua.

Studio ilikuwa chumba cha kulala cha flati moja Kilimani, wamepiga magodoro kwa ukuta na treyi za mayai, dirisha limezibwa na blanketi, ukizima feni unatoka jasho na ukiiwasha inaingia kwa maiki. Fundi wa sauti ni kijana wa Mombasa. Akanichezea kipande cha kwanza bila kuniambia chochote, Inspekta mlangoni, na nikasikia kwa masikio yangu vile ilisemwa siku ya kurekodi: "mpenzi wangu, nimechoka". Tena ilisemwa polepole kama mtu ameshusha gunia. Halafu akanipa karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu, BINAMU.

Sasa sikizeni hii, juu nadhani hakuna mtu aliyewaeleza. Kuingiza sauti juu ya mdomo wa mtu mwingine ni kazi ya midomo kuliko ya sauti. M-pe-nzi wa-ngu. Bi-na-mu wa-ngu. Silabi zinalingana, tano kwa tano, na mwanzo pia unalingana juu "mp" inafunga midomo na "b" inafunga midomo, ndo maana waliruka "dada", ilikuwa fupi. "Rafiki yangu" pia ililetwa mezani ikakataliwa kwa sababu mbili, kwanza "ra" inaanza mdomo ukiwa wazi, pili prodyusa akasema neno rafiki hapa Kenya lishakuwa na kesi yake, ile ya filamu. Tukacheka. Lakini kuna mahali tulishindwa na tulijua tumeshindwa. Ile "nzi" ya mpenzi meno yanaonekana. Ile "mu" ya binamu midomo inafunga. Kwa hivyo mara zote 11, mkirudia leo muangalie vizuri, mtaona mwanamke anaonyesha meno huku sauti inafunga mdomo. Fundi alijaribu kusogeza, akajaribu kuongeza mvua juu yake, akaongeza pikipiki inapita. Haikukubali.

Na yeye ndiye alianza kucheka tena, peke yake, mpaka akatoa hedfoni. Akasema nyinyi watu wa bara mna shida, ati mmetafuta neno la kuficha mapenzi mkapata binamu, huko kwetu tunasema binamu nyama ya hamu, binamu unaoa. Nilicheka mpaka tukarudia kurekodi mara tatu. Kwa hivyo wakubwa, kuanzia Likoni mpaka Lamu mliwaambia watu wazi kabisa kwamba hawa wawili wanaweza kuwa mke na mke. Hongereni.

Lakini mimi siandiki kwa sababu ya kicheko. Naandika kwa sababu mliua stori, na stori ilikuwa nzuri, na nyinyi mlioiua hamkujua hata mmeua nini.

Wacha nieleze vile ilikuwa kabla haijaoshwa. Inspekta ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, yuko kikosi cha magari ya wizi. Ana mwenzake, Koplo mmoja mzee kidogo, mtu wa kuvaa sweta ndani ya koti, na episodi ya kwanza huyu Koplo anapigwa risasi ya bega akimkinga. Deni la kwanza hilo. Upande wa pili kuna mwanamke wa duka la spea. Duka aliachiwa na kakake aendeshe, na kaka ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, alimlipia karo mpaka kidato cha nne kwa pesa ya kubomoa magari ya watu usiku. Wanasema damu nzito kuliko maji, na hii ilikuwa imelipa karo pia. Wanakutana vile mtu yeyote wa Nairobi hukutana na mtu wa Grogan: Inspekta ameibiwa saidi mira, anaenda kununua saidi mira, anapimiwa kwa gari anakuta inaingia sawa kabisa, hata ule mkwaruzo wa geti ya nyumbani kwake uko.

Halafu episodi ya 4. Usiku, Inspekta anamsaidia yule mwanamke wa spea kufunga duka. Funguo zinaanguka chini ya rafu. Anainama na taa ya simu, na nyuma ya rafu kuna injini imefunikwa gunia, na pale namba inafaa kuwa pamepigwa tupa, chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Haongei. Anarudisha gunia vizuri, hata anainyoosha ile pembe. Anaokota funguo, anasimama, anampa mkononi, na mkono unachelewa kutoka. Basi. Hakuna aliyesema kitu, na kwa ule mkono uliochelewa unajua kila kitu, kwamba ameona, kwamba mwingine amejua ameona, kwamba kesho asubuhi ataingia ofisini aangalie Koplo na bega lake machoni na ataamua kusema ama kutosema.

Ilipoenda hewani, hiyo picha ya mkono imetolewa. Funguo zinatoka kwa vidole vya mmoja, tunarukia barabara ya Kirinyaga mchana, matatu zinapiga honi.

Mimi si mwandishi, mimi ni sauti tu, matangazo ya sabuni na zile "tafadhali subiri, utahudumiwa", lakini nimeangalia hizi drama za polisi tangu utotoni na kitu kimoja najua. Drama ya polisi haiendeshwi na bunduki. Inaendeshwa na swali la nani ni wa nani. Huyu anasema yuko upande wa sheria lakini usiku anaenda wapi, akikabwa koo atamtaja nani na atamficha nani. Kikulacho ki nguoni mwako, hiyo ndo drama yote ya polisi kwa maneno manne. Sasa mkifanya huyu mwanamke wa spea kuwa binamu, kila mtu ofisini angejua. Binamu hujulikana. Binamu huja matanga, binamu ako kwa picha ya harusi ya mjomba. Inspekta angeambia bosi wake siku ya kwanza, afande, mshukiwa ni wa familia yetu, naomba faili apewe mwingine, na bosi angesema sawa, na tungeenda kulala, episodi moja imetosha. Stori ilikuwa inasimama kwa sababu huyu ni mtu ambaye hawezi kumtaja. Hana neno la kuandika kwa fomu. Mlitoa ile siri mkaacha watu wanatoroka kitu hakipo.

Na siri yenyewe ilikuwa na meno, meno mliyaweka nyinyi. Sisemi bodi peke yake, nasema sheria. Episodi ya 7, kaka anapata picha ya hao wawili. Anakutana na Inspekta kwa kituo cha petroli, hapigi kelele, anamwonyesha simu, anamwambia: "Mimi nikishikwa nitapigia wakili. Wewe utapigia nani?" Hiyo laini iko kwa skripti, niliisoma. Ni laini kali sababu ni ukweli wa hapa. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kile tuliachiwa na Waingereza, kinasema kinyume cha maumbile na kinataja miaka 14 ndani. Watu walienda kortini kikaondolewe, na tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema hakiondoki. Kwa hivyo afisa wa polisi akitishwa na picha kama hiyo hawezi kwenda kuripoti kuwa anatishwa, juu kuripoti ni kujishtaki. Mwandishi hakubuni hapo, alichukua tu kitu kiko barabarani akakiweka mbele ya kamera.

Hiyo sini yote ilitolewa. Ikabaki tu Inspekta anatoka kituo cha petroli uso umemshuka na episodi inayofuata anamwachilia mshukiwa.

Na watu walisema nini? Walisema amekula hongo! Kila mahali, kwa matatu, kwa saluni, ofisini, ati huyu madam naye ni wale wale, amekula. Mimi nilikuwa nasikia naumwa na tumbo. Mlichukua mtu aliyekuwa amebanwa kati ya mapenzi na kazi mkamfanya mla rushwa, na hiyo ikapita saa 2 na nusu watoto wakiwa kwa meza na madaftari ya hesabu, hakuna aliyesema maadili yameharibika. Yaani polisi wa kula hongo ni mtu wa familia. Polisi wa kupenda ndiye hatari kwa watoto.

Sasa bodi, najua mnasema hamkuguza hii kitu. Ni kweli. Niliuliza. Hakuna barua ilitoka kwenu, hakuna simu, hakuna mtu wenu alikaa akaangalia. Mama mmoja wa stesheni ndiye alisema "tusijitafutie", neno moja tu hilo, na prodyusa akarudi na kalamu nyekundu. Ndo maana nawaandikia nyote watatu pamoja. Siku hizi hamna haja ya kupiga marufuku, watu wanajipiga wenyewe na gharama wanalipa wenyewe, 4,500 na nauli.

Lakini hiyo hofu haikuota kama uyoga. 2014 ilikuja Stories of Our Lives, hadithi tano fupi za Wakenya wanaopenda wa jinsia yao, nyeusi na nyeupe, bodi ikasema haionyeshwi. 2018 mwezi wa 4 mkapiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la filamu la Cannes, wenzetu Ufaransa wanapiga makofi sisi huku tunakatazwa. 2021 ikawa I Am Samuel. Hata katuni mlizigusa, 2017, katuni! Mwandishi mwenye kodi ya nyumba akiangalia hiyo orodha anajifunza haraka.

Ile Rafiki nataka nikae nayo kidogo, juu nayo pia ni stori ya mtu kugawanyika. Wale wasichana wawili, baba zao ni wapinzani kwa uchaguzi wa mtaani, yaani hata wangekuwa mvulana na msichana bado ingekuwa balaa. Kumpenda yule ni kumsaliti baba. Na mnakumbuka Wanuri mwenyewe alieleza shida ilikuwa wapi? Alisema bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwamba uliacha matumaini mno, kwamba yule msichana alifaa aonekane anajuta. Mimi hii nimeifikiria sana. Inamaanisha kuonyesha si shida. Kupenda pia labda si shida sana. Shida ni kupenda halafu usilie mwishoni.

Septemba ya 2018 Jaji Wilfrida Okwany akaiondolea Rafiki marufuku kwa siku 7, watu wazima pekee. Siku saba! Nilienda Prestige pale Ngong Road nikakuta laini imepinda, nikapata kiti cha mbele kabisa, shingo iliniuma siku mbili. Kando yangu alikaa mzee wa kofia, peke yake, hakula kitu hakunywa kitu, filamu ikiisha akabaki ameketi mpaka wale wa kufagia wakaingia. Sijui alikuwa nani wala alikuja kwa nini. Ziliisha siku saba na Nairobi ilikuwa pale pale ilipo, Ngong Road ina jam kama kawaida. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, yule aliyecheza Kena, akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou. Waafrika wenzetu hao walimpa, msiseme ni wazungu.

Na msiniambie watazamaji hawako tayari. Watazamaji gani? Zamani mtaani kwetu Umoja kulikuwa na duka la DVD, 50 bob moja, na huyo jamaa aliuza The Wire mpaka sidii zikaanza kukwama. Ile ya polisi na wauza dawa wa Baltimore, sizoni 5, kuanzia 2002 hadi 2008. Mtu ambaye kila kijana wa mtaa alitaka kuwa ni Omar, yule wa kovu na koti refu na bunduki, anaibia wauza dawa, watoto wakimuona wanatawanyika wakiita jina lake. Na Omar anapenda wanaume. Wazi. Mpenzi wake Brandon anauawa vibaya na genge sizoni ya kwanza, na ni hiyo huzuni inamfanya mwizi aende akae na polisi, sizoni ya pili anapanda kizimbani kutoa ushahidi, mtu ambaye maisha yake yote sheria ya mtaa ilikuwa usiongee. Mapenzi ndo yalimvusha barabara. Toa Brandon, weka binamu, uone kama bado inakuja. Na kwa upande wa polisi kulikuwa na Kima, detektivu, anaishi na mwanamke mwenzake, anapigwa risasi, na akiwa kitandani hospitali wenzake wanamletea picha ya mtu wanataka amtaje, anakataa kumtaja juu hakumuona vizuri. Basi, hao wawili, mmoja kila upande. Yule jamaa wa DVD hakuwahi kurudishiwa sidii ati ina maadili mabaya. Alirudishiwa zile zimekwaruzika.

Kuna wale watasema hiyo ni Marekani. Haya, njoo Buruburu kwa anti yangu. Anti ni mtu wa kanisa, wa kamati, wa leso na mikutano ya Jumamosi. Tuliangalia pamoja ile episodi ya mlango na mvua, nikiwa nimeshika kikombe nasubiri sauti yangu itokee. Ikatokea. Anti akanyamaza kidogo akasema, "Hawa si mabinamu." Nikamuuliza kwa nini anti. "Binamu hakuangalii hivyo." Halafu nikangoja azime TV. Hakuzima. Akasogea mbele kwa kiti, akauliza, "Sasa atamshika ama hatamshika?"

Hilo ndo swali, wakubwa. Mama wa kanisa ameelewa kila kitu, amekasirika labda, sijui, hatujaongea, lakini anataka kujua kama atamshika ama hatamshika. Mapenzi ni kikohozi, hata mkilipa mtu akohoe juu yake. Halafu dakika kama kumi baadaye akasema bila kunigeukia, "Na hiyo sauti ni kama yako." Nikaenda kuosha vyombo.

Sasa naomba nini. Siombi muondoe sheria, hiyo si kazi ya bodi wala stesheni, hata Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji 3 kwa 2, kwamba wanaopenda wa jinsia yao wana haki ya kusajili shirika lao, sheria ya adhabu haikuguswa. Naomba kitu kidogo ambacho tayari mnacho. Bodi, mna alama zenu za umri, GE, PG, 16, 18. Mna saa zenu, baada ya saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri ni za watu wazima. Basi tieni 18, wekeni saa 4 na robo, na mwacheni mwanamke aseme neno alilosema. Mkiona ni baya andikeni onyo kubwa la rangi nyekundu, sisi tutasoma. Lakini semeni wazi, kwa maandishi, kwamba tamthilia yenye watu kama hawa inaweza kuletwa kwenu ikapimwa kama nyingine, ndo mama wa stesheni aache kutetemeka peke yake. Sheria yenu ya filamu ni ya 1962, ina umri kuliko wengi wenu, na hata hiyo inasema kupima, sio kukisia.

Stesheni, nyinyi nawaambia biashara. Kipindi kilianza vizuri, kufika episodi ya 9 hakuna mtu alikuwa anaelewa kwa nini Inspekta analia. Matangazo yalipungua mkashangaa. Mlikuwa mnauza kufuli bila ufunguo.

Na nyinyi wa skripti, msidhani mmepona. Nimesoma ile ya mwanzo yote mpaka mwisho, na mwisho mlimuua yule wa spea. Risasi ya kakake, kifuani, mikononi mwa Inspekta, muziki wa piano. Kabla ya kalamu nyekundu kufika, kabla ya stesheni, nyinyi wenyewe mlikuwa mshaamua lazima mmoja afe ndo mtu wa juu asikasirike. Kwa nini? Omar naye alikufa, ndio, samahani kwa ambao hamjamaliza, aliuawa na mtoto mdogo dukani akinunua sigara, lakini alikufa kifo cha kazi yake, hakufa adhabu ya nani analala naye. Wenu alikufa adhabu. Mlimwekea juto mliloambiwa mweke hata kabla hamjaambiwa. Afadhali angeshikwa. Afadhali Inspekta angemfunga pingu mwenyewe, ampeleke, amshike kichwa kisigonge gari akiingia, na Koplo akae mbele aangalie dirisha. Hiyo ningelia. Ama amwachilie na atupe beji na tumchukie kwa sababu ya Koplo. Yoyote. Lakini aamue yeye, sio risasi iamue kwa niaba yake.

Na kabla hamjaniuliza lile swali la kawaida, ati kwani na wewe ni mmoja wao: sijibu. Kipindi kilikuwa cha wezi wa magari miezi mitatu na hakuna aliyeuliza mwandishi kama ameiba gari.

Nimeandika hii barua kwa sababu ya ujumbe. Jumatatu prodyusa amenitumia, ati sizoni ya pili imepitishwa, kuna kazi kidogo, siku moja tu, pesa imepanda ni 6,000. Inspekta bado yuko, na kuna mwanamke mpya, daktari wa kupasua maiti pale chumba cha maiti. Akaniandikia, "Hii ni rahisi kuliko ya kwanza, ni neno moja tu, tumepata lenye midomo inaingia kabisa."

Nikamuuliza neno gani.

Akajibu, "Mpangaji."

Nikaisema pole pole jikoni. Mpenzi. Mpangaji. Inaanza sawa. Inaisha na meno, kama ile nyingine. Imezidi silabi moja lakini fundi ataibana.

Anataka jibu kufikia Alhamisi.